Mbio Zetu: Zilivyopanda, Zilivyoshuka, na Kama Zitarudi

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazipatani. Ya kwanza husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ya pili hutufundisha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kuulizwa habari za riadha ya Tanzania hana budi kuchagua kati ya methali hizo mbili. Kijana wa leo husikia kwamba zamani Watanzania waliivunja rekodi ya dunia, wakapanda jukwaa la Olimpiki, wakatangulia mbele ya mataifa makubwa. Kisha akaambiwa kwamba baada ya hapo kikaja kipindi kirefu cha ukame. Ni haki yake kuuliza: je, jambo lililokuwa kubwa likashuka, laweza kuinuka tena?

Katika makala haya twakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, wala si kwa njia ya matumaini matupu. Tutaeleza kwanza jinsi mbio zetu zilivyopanda, kisha sababu zilizozishusha, halafu tutawatazama wengine walioanguka ili tuone ni nani aliyeinuka na ni nani asiyeinuka, na kwa sababu gani.

Twaandika haya tukiwa Olasiti, upande wa magharibi wa jiji la Arusha. Mahali hapa pana maana katika habari hii. Barabara itokayo mjini hupita upande huu kuelekea Kisongo na Makuyuni, na pale Makuyuni hugawanyika: tawi moja huenda Mto wa Mbu na Karatu, na jingine huenda Babati na kuendelea hadi nchi ya Hanang. Wengi katika wale waliolitangaza jina la Tanzania kwa miguu yao walitoka katika nyanda zilizo mwisho wa matawi hayo mawili. Nyuma yetu umesimama Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na Arusha yenyewe iko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nchi za juu ni nyepesi. Mwili unaoizoea hujiongezea chembechembe nyekundu za damu, nao hupata nguvu ya kustahimili mbio ndefu. Ndiyo sababu hadi leo wakimbiaji wengi wamefanya Arusha kuwa makao yao ya mazoezi, na alfajiri huonekana barabarani kabla ya magari kujaa.

Historia ya mbio zetu katika macho ya dunia huanza kwa mtu aliyeshindwa. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika marathoni na kuumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kumaliza na kupokea ushindi wake. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watazamaji wengi wameondoka, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akaumaliza mwendo akiwa wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, wala haikumtuma kuzianza tu. Taifa lilikuwa changa, na jibu lile likawa kama wosia. Wako mabingwa wa mwaka ule ambao dunia imewasahau, lakini Akhwari hajasahauliwa.

Miaka michache baadaye akatokea Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu wa mwaka 1953. Mwaka 1973 mjini Lagos, katika Michezo ya Afrika, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Kisha ikaja tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio zile ilikuwa kuviziana: wakimbiaji hujikusanya pamoja, hupimana, na kungoja mzunguko wa mwisho. Bayi hakungoja. Alitoka mbele tangu mwanzo, akawaacha wenzake nyuma, na akakaa mbele hadi kamba ya mwisho. Muda wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 32.2, naye aliifuta rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyokuwa imedumu tangu 1967. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ile ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975 mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliivunja pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1978 mjini Edmonton, Canada, Gidamis Shahanga kutoka Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1980 mjini Moscow, Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na Bayi akapata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Mwaka 1982 mjini Brisbane, Australia, Shahanga alishinda mita 10,000. Na katika marathoni ya michezo hiyo, Juma Ikangaa na Shahanga waliwaacha wengine mbali, hata Robert de Castella, akiwa nyumbani kwao, ikambidi atumie nguvu zake zote kumpata Ikangaa na kumshinda kwa sekunde 12 tu.

Sasa yafaa tuulize: neema ile ilitoka wapi? Wako wasemao kwamba ilitoka katika damu, kwamba makabila fulani yalizaliwa na miguu ya mbio. Maelezo hayo ni mepesi, na historia haiyaungi mkono. Ni kweli kwamba Akhwari na Bayi walitoka nchi ya Wairaqw, na Shahanga alitoka kwa Wabarbaig, na watu hao ni wachungaji na wakulima wa nyanda za juu ambao watoto wao hutembea mwendo mrefu. Lakini Nyambui alitoka Majita, kando ya Ziwa Victoria, na Ikangaa alitoka Dodoma. Kama siri ingekuwa damu ya kabila moja, wawili hawa wasingekuwamo. Aidha, damu haikubadilika baada ya 1982. Watu wale wale waliendelea kuishi katika nchi ile ile, wakinywa maziwa yale yale na kupanda milima ile ile, lakini medali zilipungua. Kwa hiyo chanzo lazima kitafutwe katika jambo ambalo lilikuwapo kisha likapungua.

Jambo hilo lilikuwa mpango. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoanza kazi ya urais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Michezo ilitazamwa kuwa sehemu ya utamaduni, pamoja na lugha, ngoma na ushairi. Hapa Arusha tuna kumbukumbu yake iliyosimama kwa mawe: uwanja mkuu wa mji wetu umepewa jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyeandika kitabu maarufu cha kanuni za kutunga mashairi, aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, na aliyefariki mwaka 1964. Kizazi kile hakikuona ajabu uwanja wa mbio kuitwa kwa jina la mshairi. Kilijua kwamba mwili na lugha hulelewa na mlezi mmoja.

Mpango ule ulikuwa na ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa shule. Mtoto aligunduliwa katika mashindano ya shule yake, akapelekwa ya wilaya, kisha ya mkoa, hata ya taifa. Ngazi ya pili ilikuwa jeshi, polisi, magereza na mashirika ya umma. Kijana aliyemaliza shule akiwa na kipaji alipata ajira, chakula, mavazi na muda wa mazoezi. Bayi na Ikangaa wote wawili walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Ngazi ya tatu ilikuwa timu ya taifa, na kwa baadhi yao masomo ya nje. Nyambui na Shahanga walisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani, ambacho katika miaka ile kilitwaa mataji mengi ya riadha ya vyuo kwa nguvu ya vijana kutoka Afrika Mashariki. Mtu akitaka kujua kwa nini mbio zetu zilishuka, na aitazame ngazi hiyo, aone ni kipandio kipi kilichovunjika.

Kabla ya kufika huko, hatuna budi kusema neno juu ya mwaka 1976. Dunia nzima ilikuwa ikingoja Bayi na Walker wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, na kwa sababu New Zealand haikuzuiwa kushiriki Olimpiki, Tanzania pamoja na nchi nyingine zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa za Afrika, zilijitoa. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500 bila mpinzani wake mkubwa kuwapo. Wapo wanaouhesabu mwaka huo kuwa mwanzo wa kushuka kwetu. Sisi hatukubaliani nao. Mkimbiaji alipoteza nafasi ambayo hairudi katika maisha ya mtu, na gharama hiyo haifai kudharauliwa. Lakini ngazi haikuvunjika. Ushahidi ni kwamba medali za Edmonton, Moscow na Brisbane zote zilikuja baada ya Montreal. Taifa lililokataa kucheza kwa ajili ya heshima ya Waafrika wenzake halikupungukiwa na wakimbiaji. Kwa upande mwingine, ukweli hutudai tukumbuke pia kwamba mwaka 1980 mataifa kadhaa hayakwenda Moscow, yakiwamo Marekani na jirani zetu wa Kenya. Historia isiyosema yote mawili ni sifa tu.

Ngazi ilianza kulegea katika miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni, viliiacha nchi na dhiki kubwa. Zilipokosekana sabuni na vitabu madukani, viatu vya mbio havikuweza kuwa jambo la kwanza. Kisha, katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yaliuzwa au kufungwa, na timu nyingi zilizokuwa chini yake zikafifia. Kipandio cha ajira kikawa kimevunjika kwa sehemu kubwa, yakabaki majeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaguswa kipandio cha chini kabisa: mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, ambayo leo twayajua kwa majina ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba yalikuwa yakiwapotezea wanafunzi muda wa masomo. Baadaye katika muongo huo huo yalirejeshwa. Lakini mwalimu yeyote anajua kwamba kizazi cha shule ni kifupi. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mashindano yalipokoma hakungoja yarudi. Alimaliza shule, akaenda shambani au mjini, na kipaji chake, kama kilikuwapo, hakikujulikana hata naye mwenyewe.

Tena kulikuwa na sababu iliyotoka nje. Katika miaka ile ile ya 1980 marathoni za miji mikubwa zilianza kulipa zawadi kubwa za fedha. Boston, iliyo kongwe kuliko zote, ilianza kufanya hivyo mwaka 1986. Watanzania walifanya vizuri huko. Nyambui alishinda Berlin mwaka 1987 na 1988. Ikangaa alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya mbio hizo kwa wakati ule. Hatuwezi kumlaumu mkimbiaji kwa kutafuta riziki yake. Hata hivyo, barabara ilipowavuta watu wote, uwanja ulibaki mtupu. Mbio za mita 800, 1,500 na 5,000 huhitaji njia ya kukimbilia, saa, mwalimu na wenzako wa kushindana nao kila juma. Barabara huhitaji barabara tu. Nchi iliyokosa viwanja na walimu ikajikuta imebaki na marathoni, si kwa sababu iliichagua, bali kwa sababu ndiyo mbio iliyoweza kuishi bila mpango.

Matokeo yake yanaonekana katika namba moja. Muda wa Bayi wa Christchurch ulidumu kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi ulipovunjwa mjini Birmingham mwaka 2022. Mgeni anaweza kuiona hiyo kuwa sifa kubwa, na ni sifa kweli. Lakini rekodi hiyo hiyo ingali rekodi ya Tanzania. Kijana aliyezaliwa siku ile Bayi alipokimbia amekwisha kuwa mtu mzima mwenye wajukuu au aliyekaribia kuwa nao, na hakuna Mtanzania aliyeikimbia mita 1,500 kwa kasi zaidi. Baba asiyepitwa na wanawe kwa nusu karne ana sababu ya kuhuzunika kuliko kufurahi. Vivyo hivyo, medali mbili za Moscow zimebaki kuwa medali pekee za Tanzania katika Olimpiki.

Je, wengine walioanguka waliinuka? Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Finland. Katika miaka ya 1920 Paavo Nurmi alishinda medali tisa za dhahabu za Olimpiki, na wenzake wakaendelea kutawala mbio ndefu hadi 1936. Baada ya hapo Finland ilikaa miaka 36 bila dhahabu ya Olimpiki katika mbio. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilimwalika mwalimu wa riadha Arthur Lydiard kutoka New Zealand, ikajifunza upya, na walimu wake wenyewe wakaendeleza. Mwaka 1972 mjini Munich, Lasse Virén alianguka katikati ya mita 10,000, akainuka, akashinda kwa rekodi ya dunia. Akashinda pia mita 5,000, na kurudia yote mawili mwaka 1976. Basi inawezekana kuinuka. Lakini hadithi haikuishia hapo. Baada ya Virén, Finland haijapata tena dhahabu ya Olimpiki katika mbio. Kuinuka si kufika. Ni kazi isiyokuwa na likizo.

Mfano wa pili ni chuo kile kile cha El Paso kilichowapokea vijana wetu. Mwaka 1966, kikiitwa bado Texas Western, kilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kwa kuanza mchezo na wachezaji watano, wote weusi, jambo ambalo hakuna bingwa aliyewahi kulifanya. Ushindi ule ulisaidia kuvunja ukuta wa ubaguzi katika michezo ya nchi ile. Mwalimu wao, Don Haskins, alibaki kazini kwa miaka zaidi ya thelathini baadaye, lakini chuo hicho hakijautwaa ubingwa huo tena. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba vyuo vikubwa vya kusini, vilivyokuwa vikiwafungia milango wachezaji weusi, vilifunguka macho, vikaanza kuwatafuta. Mlango uliofunguliwa na mdogo ukapitwa na wakubwa. Somo hili twapaswa kulimeza ingawa ni chungu. Bayi alipokimbia Christchurch, mataifa ya Afrika yaliyokuwa yamejipanga katika mbio yalikuwa machache. Leo Kenya, Ethiopia, Uganda, Morocco na wengine wamejipanga. Hata tungerudisha kila kitu kama kilivyokuwa mwaka 1974, tusingepata matokeo ya 1974, maana wenzetu hawako tena pale tulipowaacha.

Mfano wa tatu uko karibu. Mwaka 1972 John Akii-Bua wa Uganda alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 400 za kuruka viunzi kwa rekodi ya dunia. Kisha nchi yake ikapitia mateso tunayoyajua, na ikangoja miaka 40 kamili kabla ya Stephen Kiprotich kushinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012. Baada yake akaja Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mjini Tokyo na wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Taifa lililopigwa na msiba mkubwa kuliko wetu limeinuka, tena katika uwanja na si barabarani tu. Na huko Iten, Kenya, shule moja ya sekondari ya wavulana, St. Patrick's, imekuwa chemchemi ya mabingwa tangu Colm O'Connell kutoka Ireland alipofika mwaka 1976 kufundisha. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo. O'Connell hakufika akiwa mtaalamu wa riadha. Alikuwa mwalimu wa darasani aliyejifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake, akabaki nao mwaka hadi mwaka.

Turudi sasa nyumbani. Si kweli kwamba mbio zetu zilikufa. Mwaka 2005 Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, na Christopher Isegwe akapata fedha ya marathoni katika Mashindano ya Dunia mjini Helsinki. Mwaka 2006 Samson Ramadhani alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka 2022 Gabriel Geay alikuwa wa pili Valencia kwa saa 2 na dakika 3 kamili, na mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, muda bora kuliko wa mwanamke yeyote wa Tanzania kabla yake. Kisha, tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, aliingia uwanjani mwishoni mwa marathoni ya Mashindano ya Dunia akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48; ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe, ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Je, huko ndiko kuinuka? Tungependa kusema ndiyo, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Simbu alipata shaba ya dunia mwaka 2017, akawa wa tano Olimpiki ya 2016 na wa saba ile ya Tokyo; dhahabu yake ni tunda la miaka mingi ya subira ya mtu mmoja na ya jeshi lililomlea. Imethibitisha kwamba kipandio cha pili cha ngazi kingali imara. Haijathibitisha kwamba cha kwanza kimetengenezwa. Majina tuliyoyataja karibu yote ni ya marathoni. Siku tutakapoona vijana watatu au wanne wa shule mbalimbali wakikimbia mita 1,500 na kuukaribia muda wa Bayi, na wasichana miongoni mwao, hapo ndipo tutakaposema kwamba mbio zimerudi.

Ndiyo sababu twawaelekea walimu. Jiji la Arusha linapanuka upande huu wetu, na ardhi iliyokuwa mashamba na malisho inageuka kuwa nyumba. Katika Kata ya Olmoti umeanzishwa ujenzi wa uwanja mkubwa wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Ni jambo la fahari. Lakini mkimbiaji hazaliwi katika uwanja wa watu 30,000. Huzaliwa katika kiwanja cha shule ya msingi, penye mstari uliochorwa kwa majivu na mwalimu mwenye filimbi. Kila kiwanja cha shule kinachomegwa kwa ajili ya maduka au kuachwa kiote magugu ni kipandio kilichong'olewa. Ardhi hiyo ikishakwenda, ndipo methali ya maji yaliyomwagika itakapokuwa kweli.

Mambo matatu yako katika uwezo wa shule yoyote, hata isiyo na fedha. La kwanza ni kulinda kiwanja chake, kwa hati na kwa matumizi. La pili ni kuweka kumbukumbu: jina la mtoto, umbali na muda, mwaka hadi mwaka, ili mwalimu anayehama amwachie mwenzake daftari. La tatu ni kumpa msichana nafasi sawa, kwa kuwa nusu ya vipaji vya taifa imekaa muda mrefu ikitazama tu. Serikali na vyama vya michezo vina wajibu wao, nao ni mkubwa: walimu wa michezo waliofunzwa, njia za kukimbilia mikoani, na ajira kwa kijana baada ya shule. Lakini vyote hivyo vitakuwa paa lisilo na nguzo endapo shule hazitatimiza lao.

Jibu letu kwa mwanafunzi, basi, ni hili. Kilichomwagika ni muda wa wale waliokosa nafasi, na huo hauzoleki. Koleo lilivunjika: mashirika yaliyoajiri wakimbiaji hayapo tena kama yalivyokuwa, na wapinzani wameongezeka. Lakini uhunzi wenyewe, yaani maarifa ya kumtafuta mtoto mwenye kipaji, kumlea na kumngoja, haukupotea. Wangalipo wazee walioushuhudia. Akhwari alipokimbia Mexico City walikuwa vijana. Yafaa waitwe madarasani waeleze, kabla hawajaondoka nao.